Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Utafiti): Bakaa ya fedha za utafiti wa elimu ivuke Juni 30

Ndugu Profesa,

YAH: FEDHA ZA NDANI ZA UTAFITI KWA WATAFITI WA ELIMU

Tunakusalimu kwa heshima. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki iliyopita Kurugenzi ya Fedha imetoa waraka unaowataka viongozi wote wa miradi inayogharamiwa na mapato ya ndani ya chuo wafunge hesabu na kurejesha bakaa, yaani fedha ambazo hazijatumika, kabla ya Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha. Waraka huo umewakuta watafiti wa elimu wakiwa na fedha zilizoingia wiki ya tatu ya Mei. Shule zimefungwa mwanzoni mwa Juni na zitafunguliwa Julai. Kwa hiyo, Profesa, tunatakiwa kukusanya data madarasani katika mwezi ambao madarasa hayana watoto. Tukishindwa, fedha zirudi, na mwakani maandiko yetu ya kuomba fedha yapunguziwe alama kwa kuwa hatukutumia tulichopewa.

Ulipozindua awamu hii ya ufadhili uliahidi mbele ya wanataaluma kwamba safari hii fedha zitatoka mapema. Tulikushukuru, na wengi tulipanga ratiba zetu kwa kuiamini ahadi hiyo. Wito wa maandiko ukatoka Oktoba, wapitiaji wakamaliza Januari, barua za kuwapongeza walioshinda zikaja Machi, mikataba ikasainiwa Aprili. Mei ndipo fedha zikaonekana.

Tunaomba uone kinachotakiwa kufanyika tangu fedha ziingie hadi mtoto wa kwanza asome sentensi ya kwanza mbele ya mtafiti. Vyuo vikuu vya umma vimekasimiwa mamlaka ya kutoa kibali cha utafiti kwa watumishi na wanafunzi wao, na hilo hutupunguzia hatua moja. Lakini kibali chako hakifiki shuleni peke yake. Kinakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kinashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Afisa Elimu Msingi au Sekondari, halafu Afisa Elimu Kata, ndipo Mwalimu Mkuu akupokee. Mradi wenye shule za Temeke, Kigamboni na Ubungo una barua tatu zinazotembea kwa wakati mmoja, na barua moja ikikwama mezani, sampuli nzima inasubiri. Huo ni mkoa huu huu wa Dar es Salaam, tusizungumzie aliyepanga shule za Mtwara au Kigoma.

Hapo fomu za ridhaa hazijatoka. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kushiriki mpaka mzazi asaini na yeye mwenyewe akubali. Fomu huenda nyumbani kwenye begi la mtoto. Nyingine hurudi baada ya siku mbili, nyingine baada ya wiki, nyingine hazirudi, na hapo inabidi kuchapisha tena na kuomba mwalimu awakumbushe wazazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hatua hii haina njia ya mkato, na sisi wenyewe hatuitaki njia ya mkato, kwa sababu tunazungumzia taarifa za watoto.

Kisha kazi yenyewe. Upimaji wa kusoma kwa mtoto mmoja mmoja huchukua dakika 15 hadi 20. Mpimaji akikutana na watoto zaidi ya kumi kwa siku, usikivu wake hupungua na alama zake huanza kuyumba. Katika shule zenye msongamano, kama za Mbagala au Chanika, watoto huingia kwa zamu mbili, na wa zamu ya asubuhi huwezi kuwabakiza mchana kwa sababu chumba kinahitajika na mzazi anamsubiri mtoto. Mradi wa watoto 400 katika shule 40, ukiwa na wapimaji wanne waliogawanyika wawili wawili, unahitaji siku 20 za shule zisizo na mvua kubwa, mtihani wala ugeni. Ongeza siku nne au tano za kuwafundisha wapimaji na siku mbili za kujaribu zana kwenye shule isiyo kwenye sampuli. Mei ina wiki za namna hiyo? Mwishoni mwa Mei shule ziko kwenye mitihani ya muhula.

Tunaandika haya yote kwa sababu kwenye kikao cha mwisho mjumbe mmoja wa Kamati ya Utafiti na Machapisho alihoji kwa nini watafiti wa elimu hawatumii fedha haraka kama wenzao wa maabara. Mwenzetu wa maabara akipata fedha Mei ananunua kemikali na vipuri, hati ya malipo inapita, kifungu cha bajeti kimetumika, na jaribio linaweza kufanyika Agosti. Sisi hatuna cha kununua. Fedha zetu ni nauli, posho za watafiti wasaidizi, uchapaji wa zana na unukuzi wa sauti. Posho ya siku ambayo haijafanyiwa kazi hailipwi, na mtu akiilipa, mkaguzi atamwita, na atakuwa na haki ya kumwita.

Unukuzi ndio kifungu kinachofutwa kwanza, kwa maelezo kwamba ni kazi ya ofisini mtafiti anayoweza kuifanya mwenyewe. Saa moja ya mahojiano yaliyorekodiwa vizuri huchukua saa nne hadi sita kuinukuu. Mazungumzo ya kikundi cha watoto wanaodakizana, huku kengele na kelele za darasa la jirani zikisikika, huchukua zaidi. Mahojiano 30 ya saa moja moja ni saa 120 hadi 180 za unukuzi, na mhadhiri mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha hana saa hizo. Ukifuta kifungu hicho data haipotei, inabaki kwenye simu na kompyuta za watu bila kuchakatwa, kisha ofisi yako inauliza machapisho yako wapi.

Kuna jingine linalotuumiza zaidi kwa sababu linaharibu utafiti wenyewe. Wapitiaji wakitaka bajeti ishuke, hukata idadi ya shule na kutuelekeza tuongeze watoto kwa kila shule. Ndivyo walivyofanya safari hii pia: shule 40 zikawa 20, watoto kumi kwa shule wakawa ishirini, jumla ikabaki 400 na Kamati ikaona haijapunguza kitu. Imepunguza. Watoto wa shule moja hufanana kwa sababu wana walimu wale wale, vitabu vile vile na mtaa ule ule. Tukichukua kiwango cha kufanana cha 0.2, kwenye mizani ya 0 hadi 1, ambacho si cha kushangaza kwenye matokeo ya kujifunza, hesabu ni hii: chukua watoto wa shule moja, toa moja, zidisha kwa 0.2, ongeza moja. Kwa watoto ishirini unapata 4.8, kwa kumi unapata 2.8. Gawanya 400 kwa namba hizo. Sampuli ya shule 20 ina nguvu ya watoto 83 hivi wasiohusiana, ya shule 40 ina nguvu ya watoto 143. Kwa kuokoa nauli, Kamati imetupa zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa utafiti kuona kitu, na tukija na jibu kwamba hatukuona tofauti, tutaambiwa utafiti wa elimu hauna matokeo. Tulieleza jambo hili kwa maandishi na halikujibiwa.

Fomu ya tathmini nayo inatoa alama kwa hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) na kwa bidhaa inayoweza kuingia sokoni. Mwongozo wa mwalimu, kipimo cha kusoma kwa Kiswahili kilichohakikiwa au muhtasari wa sera uliopelekwa wizarani havina hata mstari kwenye fomu hiyo.

Na masurufu, yaani fedha za kazi zinazotolewa kabla ya matumizi. Kiongozi wa mradi hupewa masurufu kwa jina lake, na hapewi mengine mpaka ayatolee hesabu yale ya kwanza. Risiti inayokubalika ni ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Bodaboda wa kutoka kituoni hadi shuleni hana EFD, mama anayewapikia watafiti wasaidizi chakula cha mchana hana, na mtafiti msaidizi ambaye ni mhitimu asiye mtumishi hayumo kwenye mfumo wa malipo ya watumishi. Tulipendekeza orodha ya malipo yenye jina, namba ya simu, sahihi na muhuri wa shule itambuliwe kwa matumizi madogo. Tuliambiwa mwongozo unaandaliwa. Wakati mwongozo unaandaliwa, wapo wenzetu waliokopa SACCOS ili vijana waliofanya kazi walipwe, na wapo waliokatwa mshahara kwa masurufu ambayo kila shilingi yake ilitumika.

Haya hayangekuwa na uzito huu kama ungekuwa mwaka wa kawaida. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huo huo walio mbele yao watamaliza darasa la saba kwa mfumo wa zamani. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Nchi itauliza kama miaka sita inatosha, kama mtoto aliyeanza Kiingereza darasa la kwanza anakimudu sekondari, kama walimu waliandaliwa. Maswali hayo yanajibiwa kwa vipimo vilivyochukuliwa watoto wakiwa bado wako msingi. Muhula mmoja wa shule ukipita bila kupimwa, hakuna fedha ya mwaka mwingine wowote itakayourudisha.

Chanzo cha ucheleweshaji hatukijui chote, lakini tunahisi. Mapato ya ndani yanategemea sana ada, ada zinategemea awamu za Bodi ya Mikopo, na utafiti umewekwa mwisho wa foleni nyuma ya umeme, maji, ulinzi na posho za vikao. Pengine pia fedha za utafiti zimewekwa kwenye kifungu cha matumizi ya kawaida, ndiyo maana mfumo unazichukulia kama mafuta ya gari ambayo yasipotumika ndani ya mwaka yanarudi. Kama tumekosea, tunaomba tusahihishwe kwa maandishi. Tunachokiona kwa macho ni kwamba katika chuo hiki hiki, fedha za mfadhili wa nje hazirudishwi Juni 30. Zinakaa kwenye akaunti ya mradi hadi mradi uishe. Fedha za mfadhili zinaheshimiwa, za kwetu wenyewe zinanyang'anywa, wakati Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, ili tusitegemee mifuko ya wengine.

Yapo mengi ya kurekebisha na tuko tayari kukaa na ofisi yako siku yoyote: wito utoke Februari, fedha zitoke Julai, shule zisikatwe bila kumuuliza anayejua sampuli, fomu ya tathmini ibadilishwe. Yote hayo yanaweza kusubiri kikao. Bakaa haiwezi kusubiri.

Tunaomba jambo moja. Bakaa za miradi ya elimu ya awamu hii zihamishiwe akaunti ya amana ya chuo na ziruhusiwe kutumika hadi Desemba 31. Halmashauri huomba kibali cha kuvuka mwaka na bakaa zao. Chuo nacho kinaweza kuomba, na kama uamuzi ni wa Baraza la Chuo, liitishwe kwa dharura au Menejimenti ikasimiwe mamlaka hayo. Hatuombi shilingi mpya. Kila kiongozi wa mradi ataleta mpango wa kazi wa ukurasa mmoja unaoonyesha shule, tarehe na kiasi, kwa kuzingatia kwamba darasa la saba wana mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba. Kazi ya shuleni ianze wiki ya pili ya Julai, wakati watoto wamerudi na barua za halmashauri tayari ziko mikononi.

Zisirudishwe, Profesa. Zikirudi, barua zote za vibali zitaanza upya na watafiti wasaidizi tuliowafundisha watakuwa wamepata kazi nyingine. Wazazi waliosaini fomu Mei hawatasaini tena kwa watu ambao hawakutokea.

Tunaomba maelekezo yako kwa Kurugenzi ya Fedha kabla ya Juni 25, na tunaomba yawe kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Watafiti wa elimu,
Dar es Salaam

Nakala:
Makamu Mkuu wa Chuo
Mkurugenzi wa Fedha
Mwenyekiti, Kamati ya Utafiti na Machapisho
Amidi, Elimu