Kiti cha Mbali na Spika

Morogoro

Mpendwa Mama Upendo,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na wote wa hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, Baraka amerudi chuoni, na mchango wangu nimekwisha kuutuma kwa mhazini. Kadi ya mwaliko imenifikia kwa mkono wa Mama Jeni, ambaye amenieleza pia kwamba ulisikitika kwa kutoniona kwenye sendofu, na kwamba wapo wanaosema kuwa siku hizi najitenga na watu. Maneno hayo yameniumiza, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Harusini nitakuja. Upendo ni mwanangu, na sitakubali kusimuliwa siku yake na watu wengine. Hata hivyo nina ombi kuhusu mahali nitakapokaa, na ningependa ulielewe vizuri ili lisionekane kuwa ni maringo.

Ule mlio wa masikioni niliokudokezea kwenye msiba wa Mjomba haujaondoka. Unalia kama nyenje wa wakati wa jua kali, mchana na usiku, na nyumba inapotulia ndipo unapozidi kusikika, kiasi kwamba silali bila kuwasha feni. Daktari alinieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na kwamba zikifa kwa kelele, kwa binadamu hazioti tena. Ubongo nao, unapokosa sauti zilizokuwa zikiletwa na chembe hizo, huanza kuzalisha mlio wake wenyewe. Kwa hiyo ninachokiogopa si maudhi ya saa ile ya ukumbini, bali ni siku zinazofuata, ambapo mlio hupanda na hata sufuria zikigongana jikoni nasikia maumivu.

Unajua jinsi kumbi zetu zilivyo. Kuta ni tupu, sakafu ni ya marumaru, spika zimepangwa pande mbili za jukwaa, na kila mshereheshaji anapopaza sauti, DJ naye anaongeza muziki. Kwa hesabu inayotumika kuwalinda wafanyakazi wa viwandani, sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8, lakini kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, hivi kwamba zikifika 100 unabaki na robo saa tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha, likitaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100, wahudhuriaji wapatiwe vizibo vya masikio, na pawepo mahali tulivu pa kupumzikia. Hicho ni kikomo kwa watu wote, hata wenye masikio mazima. Sherehe zetu huchukua saa tano au sita, Mama Upendo, na sijawahi kuona mtu yeyote akipima chochote.

Vizibo ninavyo. Kuna vya sponji, ambavyo huviringishwa kwa vidole safi vikawa vyembamba, kisha sikio huvutwa juu na nyuma, kizibo kikaingizwa na kushikiliwa mpaka kivimbe. Na kuna vya wanamuziki, vyenye kichujio kinachopunguza sauti zote kwa usawa, ili nimsikie baba wa bwana harusi akitoa nasaha bila maneno yake kufifia. Pamba, ambayo Mama Jeni alinishauri, haisaidii kitu. Wala siwezi kuvivaa kutwa nzima, kwa sababu sikio likizoea ukimya mno huzidi kuwa jepesi kuumizwa na sauti ndogo.

Vizibo peke yake, hata hivyo, havitoshi nikikaa mbele ya spika. Naomba kiti karibu na mlango wa kutokea nje, mbali na jukwaa na mbali na kona ambako sauti hurudishwa na kuta, ili niweze kutoka mara kwa mara nikapumzike bila kuwakanyaga wageni. Meza ya heshima niliyotengewa pale mbele mpe dada wa shemeji. Naomba pia mtu anidokeze kabla matarumbeta hayajaingia, maana yakipigwa ndani ya ukumbi yanapita spika zote kwa ukali.

Na hili nalisema hata kama ombi langu halitawezekana: msiwaache wajukuu wacheze mbele ya spika kama ilivyokuwa kwenye harusi ya kaka yake Upendo. Mtoto hajui kwamba anaumia, na masikio yake ndiyo hayo hayo ya maisha yote. Vipo vifunika masikio vya watoto, navyo ni bora kuliko zawadi nyingi tunazowanunulia. Je, unaweza kumwomba mwenyekiti wa kamati azungumze na DJ kabla ya siku yenyewe, wala si usiku ule, ambapo hakuna anayemsikiliza mwenzake? Je, ukumbi mliouchukua una baraza, au milango yote hufungwa kwa ajili ya viyoyozi?

Shemeji je? Bado anasikia ule mvumo tangu enzi za kazi ya mashine? Amewahi kupimwa usikivu wake na wataalamu wa masikio pale Muhimbili, au bado anasema ni uzee? Akienda, amtajie daktari kila dawa anayomeza, kwa sababu kwinini, na aspirini ikimezwa kwa wingi, huweza kuleta mlio. Naye atakaa wapi usiku huo, kama baba wa bibi harusi, kama si pale pale mbele ya spika? Utakubali nimletee jozi moja ya vizibo, na unadhani atavivaa?

Nijibu upesi, ili nijue nikununulie na wewe.

Akupendaye,
Mama Baraka