Ukishuka gatini Greenwich

Mwanangu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila mama yako anasema umezidi ukimya. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Jumamosi mnapanda boti ya mto Thames hapo London na wenzako kwenda Greenwich, mtashuka huko kwa saa chache kisha mrudi, nawe unataka baba yako aliyekuwa baharia akwambie cha kutazama. Umeuliza penyewe.

Kwanza shika hili: pale mahali pamekaa kumtazama mtu anayetoka majini. Anayefika kwa treni huingilia mlango wa nyuma, haoni kwa nini jumba hili liko hapa na lile kule. Wewe unafika kwa njia iliyokusudiwa, basi usiimalize safari yako ukitazama simu.

Mkipandia Westminster, chagueni boti ya watalii yenye mtu wa kueleza. Zile za mwendo kasi wanazopanda wafanyakazi ni nzuri kwa kurudi. Ya kwanza itachukua kama saa moja hivi. Baada ya London Bridge, Tower of London, ile ngome ya kale, itakuwa kushoto kwako. Iangalie vizuri, maana sehemu yake utaikuta juu ya kilima unakokwenda. Mfalme Charles wa Pili alipoamuru kijengwe kituo cha kutazamia nyota Greenwich mwaka 1675, pesa zilikuwa haba. Wakauza baruti iliyoharibika, wakachukua mbao, chuma na madini ya risasi kutoka Tower, wakajenga. Njia hiyo ya mto ndiyo aliyopitishwa Admirali Nelson, shujaa wa majini wa Waingereza, ila yeye kwa kurudi juu: Januari 1806 mwili wake ulitolewa Greenwich kwa mashua hadi Whitehall, kesho yake akazikwa kanisa la St Paul's.

Mkifika, tazama gati lenyewe. Linaelea. Kwenye bamvua maji ya Thames katikati ya London hupanda na kushuka kiasi cha mita saba, kwa hiyo daraja la kushukia asubuhi linaweza kuwa karibu tambarare na jioni likawa mteremko wa kushikilia kamba. Vaa viatu vya maana. Usiniambie vile vyeupe.

Wenzako watakimbilia Cutty Sark, meli kubwa iliyo mbele ya gati. Waache wakapange foleni. Wewe tafuta kijumba cha mviringo chenye kuba, hapo hapo kando ya meli, ushuke chini. Ni njia ya miguu inayopita chini ya mto, ilifunguliwa mwaka 1902 ili wafanyakazi wanaokaa upande wa kusini waweze kufika kwenye madoki ya ng'ambo bila kutegemea kivuko. Ina urefu wa mita 370 tu, bure kabisa, kuta zote vigae vyeupe. Ukikaribia mwisho wa kaskazini utaona inabanwa ghafla na chuma kinene cha mviringo: hapo palipigwa na bomu wakati wa vita vya pili, wakatia kiraka cha chuma kwa ndani, na kiraka kimebaki hadi leo. Kipapase. Mimi napenda kitu kilichotengenezwa kikaendelea na kazi.

Ukitoka juu uko Island Gardens, bustani ya ng'ambo ya mto. Geuka utazame ulikotoka. Hapo ndipo Greenwich inaposomeka. Utaona majumba mawili makubwa yenye makuba yanayofanana, na kati yao nafasi wazi, na mwisho wa nafasi hiyo nyumba ndogo nyeupe. Nyumba ile ni Queen's House, ya msanifu majengo Inigo Jones, ilianza kujengwa mwaka 1616. Msanifu Christopher Wren alipokuja baadaye kujenga hospitali ya mabaharia, Malkia Mary wa Pili alitaka mandhari ya mto kutoka kwenye nyumba hiyo yasizibwe. Wren akalazimika kuligawa jengo lake vipande viwili. Jumba zima la kifalme limepasuliwa katikati ili nyumba ya nyuma iyaone maji! Ukiwa ndani ya uwanja wao huwezi kulitambua hilo vizuri. Ukivuka mto unalitambua kabla hujavuta pumzi.

Rudi sasa, meli ipo. Cutty Sark ilishushwa majini Scotland tarehe 22 Novemba 1869, kuleta chai kutoka China. Siku tano kabla yake ulikuwa umefunguliwa Mfereji wa Suez. Unaona balaa hiyo? Meli za moshi zikapata njia ya mkato, na chombo cha matanga hakiwezi kuifuata njia ile kwa pepo za Bahari ya Shamu zilivyo. Chombo cha kasi kuliko karibu vyote, kimezaliwa siku kimeshapitwa. Kikaishia kubeba sufu kutoka Australia, na huko ndiko kilikojipatia sifa hasa, kisha kikauzwa kwa Wareno. Mwaka 2007 kiliungua moto, wakakitengeneza, na tangu 2012 kimeinuliwa juu ya chelezo chake kiasi kwamba unapita chini ya tumbo lake. Kiingilio chake si kidogo, lakini kwa ajili ya kule chini lipa. Mataruma yake, yaani mbavu za meli, ni ya chuma, mbao zimepigiliwa juu yake, na juu ya mbao mabamba ya madini ya rangi ya shaba ili viumbe vya baharini wasishike na kuupunguza mwendo. Simama karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, utazame namna mbao zinavyojikunja kwenda omo, mbele ya meli. Aliyepanga mistari ile alikuwa anajua maji.

Jumba la Wren nalo: hospitali maana yake hapa ni makao ya mabaharia waliozeeka na walioumia, yalianzishwa mwaka 1694. Ukumbi wao wa kulia chakula, Painted Hall, ulimchukua mchoraji James Thornhill miaka 19 kuumaliza, 1707 hadi 1726. Ulipokwisha, wakubwa wakaona umependeza mno kwa wazee kulia humo. Mabaharia wakapelekwa kula chini. Mimi ningecheka kama nisingekuwa nawafahamu watu wa namna hiyo. Baharia aliyekutwa amelewa alivishwa koti la manjano ili kila mtu amjue. Kama muda unabana, uache ukumbi huu. Ukumbi una tiketi yake ya kulipia, nawe unahitaji kulala chali kutazama dari.

Jumba la makumbusho ya bahari ni bure, hata Queen's House. Humo pita haraka, ila usiache koti alilovaa Nelson kwenye vita vya majini vya Trafalgar. Tundu la risasi liko bega la kushoto, dogo kuliko unavyotegemea.

Kisha kilimani. Panda taratibu, mteremko wake unakata pumzi. Nje ya lango la kituo cha nyota, kabla ya tiketi yoyote, pana saa ya ukutani ya mwaka 1852 yenye tarakimu za saa 24. Saa sita mchana mshale wake unatazama chini, na watalii wengi husimama hapo wakidhani imeharibika. Waingereza husogeza saa zao mbele majira ya joto, lakini hii haibadilishwi. Simu yako wakati huo itakuwa mbele yake kwa saa nzima, na saa ya ukutani ndiyo unayopaswa kuamini ukitaka kujua huku kwetu ni saa ngapi: ongeza tatu, basi.

Jitahidi uwe hapo kabla ya saa saba mchana. Juu ya paa pana mpira mwekundu kwenye nguzo. Dakika tano kabla unapanda nusu, dakika mbili kabla unafika kileleni, na saa saba kamili unadondoka. Siku ya upepo mkali hawaupandishi. Ulianza kazi mwaka 1833 kwa ajili ya meli zilizotia nanga mtoni: manahodha waliutazama wakalinganisha saa zao kabla ya kuondoka. Sisi tulifundishwa hivyo hivyo, kwamba kila saa moja ya tofauti kati ya saa ya jua ulipo na saa ya Greenwich ni nyuzi 15 za longitudo. Bila saa ya kuaminika hujui uko wapi. Ndani wameweka saa za John Harrison, fundi seremala aliyeitafuta zawadi ya pauni 20,000 iliyotangazwa na bunge mwaka 1714 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini. Ya nne ni ndogo, ya kushikika mkononi. Ilipopelekwa Jamaica ilikosea sekunde kama tano tu, na bado mabwana wa kamati ya zawadi hiyo walimsumbua hadi uzeeni kuhusu malipo yake.

Picha ya kusimama mguu huku mguu kule juu ya mstari sifuri wa longitudo utapiga, najua. Fungua ramani ya simu ukiwa hapo. Haitakupa sifuri. Sifuri ya setilaiti iko kama mita 102 mashariki, kwenye nyasi, karibu na watu wanaotembeza mbwa. Mstari wa zamani ulipimwa kwa kufuata uvutano wa mahali pale, wa setilaiti unafuata kitovu cha dunia. Hakuna foleni kwenye nyasi.

Ukibaki na nusu saa, nenda upande wa magharibi wa bustani, kwenye ukuta uliobaki wa Montagu House. Kuna kibao cha Ignatius Sancho. Inasemekana alizaliwa ndani ya meli ya watumwa, akaletwa Greenwich akiwa mtoto mdogo kwa dada watatu waliotaka asijue kusoma. Jirani yao, Duke wa Montagu, akampa vitabu. Baadaye alifungua duka Westminster, na mwaka 1774 akapiga kura ya bunge; kwa muda mrefu aliaminika kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo Uingereza. Kwa hiyo jioni boti itakurudisha mtaani kwake.

Uliza saa ya boti ya mwisho wakati unashuka, usingoje jioni. Na nitumie picha za yale mabamba ya chini ya Cutty Sark, kwa karibu, pale yanapokutana, nione wamepigilia misumari kwa umbali gani. Usinitumie meli nzima, hiyo ninayo.

Mama yako anakusalimu, anasema ubebe koti.

Baba yako