Video za Ukraine zaidi ya Eurovision na vita

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu muziki wa Ukraine, na nawashukuru kwa kuutengea ukurasa mzima, maana si kawaida kurasa za burudani za Kiswahili kufika huko. Lakini makala ilianzia Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, ikapitia vitani, ikaishia kwenye hesabu za watazamaji wa YouTube. Ruslana mwaka 2004, Jamala 2016, Kalush Orchestra 2022: washindi wote watatu wametajwa, na wanastahili. Mmeeleza pia jinsi Kalush walivyopiga video yao kwenye magofu ya Bucha, Irpin na Borodyanka, kisha wakalipiga mnada kombe lao kwa dola 900,000 ili jeshi lao lipate droni. Hayo yote ni kweli na yanafaa kuandikwa. Kinachonifanya nishike kalamu ni kwamba msomaji akimaliza makala ile atadhani wanamuziki wa nchi hiyo walianza kuwa na la kusema Februari 2022, mizinga ilipoanza kulia.

Kuna bendi ya roki inayoitwa Brunettes Shoot Blondes. Ilianzishwa mwaka 2010 huko Kryvyi Rih, ni vijana wanaojisimamia wenyewe, na wanaimba kwa Kiingereza. Kryvyi Rih si Kyiv, mji mkuu. Ni mji wa migodi ya chuma na matanuri ya kuyeyushia, mji mwembamba uliojinyoosha kwa makumi ya kilomita ukifuata mkondo wa madini chini ya ardhi. Wengi wanaujua, kama wanaujua, kwa sababu Rais Zelensky alizaliwa hapo. Ukiwa mwanamuziki wa roki katika mji kama huo, huna kampuni kubwa ya kukulipia video, na ukitaka dunia ikutazame inabidi uje na wazo ambalo mwenye fedha hakuliwaza.

Wao walikuja nalo mwaka 2014, mwaka uleule Urusi ilipoitwaa Crimea, rasi ya Ukraine. Video ya wimbo wao "Knock Knock" haina gari la kukodi wala jumba lenye bwawa la kuogelea. Walipanga vifaa 14 vya Apple, simu, tableti na kompyuta, wakachora katuni ambayo hadithi yake inahama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Kila skrini ni chumba, na mhusika akifika ukingoni mwa kimoja anatokea katika kinachofuata. Kwa maelezo haya unaweza kudhani ni jambo jepesi. Si jepesi hata kidogo. Mchoraji lazima ajue tangu mwanzo kila kifaa kitakaa wapi na kimelala upande gani, maana akikosea kidogo tu, mhusika anatoka skrini hii akiwa juu na kuingia ile akiwa chini. Kisha kuna muda. Kila kifaa kina picha yake, na zote zinatakiwa kwenda pamoja na pigo la ngoma. Kimoja kikichelewa hata nusu sekunde, jicho linaona pengo na hadithi inakatika.

Kuna watakaosema vifaa 14 vya Apple si mali ya mnyonge, na ni kweli. Lakini tazama walivyovitumia. Katika video nyingi simu ya bei mbaya huwekwa mkononi mwa mtu ili tujue kwamba anazo. Hapa simu haionyeshwi kama mali, imegeuzwa kuwa jukwaa. Tena watu wengi waliiona video hiyo kwenye simu zao wenyewe, kwa hiyo kitu walichokishika mkononi ndicho hicho hicho hadithi inachokatiza. Mimi sijaona video nyingine ya wakati ule iliyofikiria kwa makini namna hiyo juu ya mtazamaji na mahali alipoketi.

Baadaye wakafanya kitu ambacho kwangu ni kikubwa zaidi. Kwa ajili ya wimbo wao "Houston" walichukua piano kubwa kuukuu, ya aina ile inayofunuliwa mfuniko, wakaigeuza tumbo lake kuwa tamthilia ndogo ya picha zinazoelea. Piano inapigwa, na ndani yake viumbe wa katuni wanatokea hewani kama vivuli vyenye mwanga na kuanza kuishi. Hii ni kazi ya mafundi. Kabla ya kamera kuwashwa, kuna mtu alishinda ameinama ndani ya sanduku lile akipima skrini ikae wapi, na kioo kiegemee kiasi gani.

Kuielezea picha inayoelea ningeweza kutumia maneno matupu, lakini mimi ni mwalimu, na shuleni kwetu tuna klabu ya sanaa, kwa hiyo tuliijaribu. Unachukua kasha tupu la CD, lile la plastiki angavu. Unakata vipande vinne vinavyolingana, chini vyembamba na juu vipana, unavigandisha kwa gundi ya karatasi mpaka vinafanana na faneli. Unaweka upande mwembamba juu ya simu iliyolala, katikati kabisa ya skrini. Kwenye simu unacheza picha moja iliyorudiwa mara nne, kila nakala upande wake. Tuliziba madirisha kwa kanga, tukazima taa. Kipepeo akatokea katikati ya plastiki, hayupo juu ya skrini wala nyuma yake, anapiga mabawa. Binti mmoja wa kidato cha pili aliingiza kidole kwa juu ili amguse, na darasa zima likapiga kelele.

Mbinu hii ni kongwe kuliko sinema yenyewe. Mwishoni mwa Desemba 1862, jijini London, John Henry Pepper aliionyesha jukwaani kwenye Royal Polytechnic Institution, akiendeleza ubunifu wa mhandisi Henry Dircks. Kioo kikubwa kiliegemezwa mbele ya jukwaa, mwigizaji akajificha chini akimulikwa kwa taa kali, taswira yake ikaakisiwa kwenye kioo, na watu wakaona mzimu umesimama kati ya waigizaji walio hai. Baada ya kuonja kazi hiyo kwa simu moja na kipepeo mmoja, wanafunzi wangu waliirudia video ya piano kwa macho tofauti kabisa. Wakaanza kubishana kuhusu taa. Walitaka kujua ni vipi mwanga wa picha moja haukuharibu ya jirani yake. Hakuna aliyeuliza video ina watazamaji wangapi.

Nimewahi kusikia hoja kwamba Brunettes Shoot Blondes ni waigaji wa OK Go, bendi ya Wamarekani waliocheza juu ya mashine za kukimbilia mwaka 2006 na kuushangaza ulimwengu. Siikubali. OK Go wanatutia roho juu kwa miili yao: ataanguka au hataanguka? Vijana wa Kryvyi Rih wao husimulia hadithi ya katuni, na ufundi wao unakuwa nyumba ya hadithi hiyo. Wote wawili wanastahili heshima, ila si jambo moja.

Wala siandiki haya ili vita isahaulike. Tarehe 4 Aprili 2025 kombora la Urusi lilipiga eneo la makazi Kryvyi Rih karibu na uwanja wa kuchezea watoto, na kati ya waliouawa watoto walikuwa 9. Habari kama hiyo iandikwe ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa. Ukurasa wa burudani una jukumu jingine, nalo ni kutuambia watu wa mji huo hutengeneza nini kwa akili na mikono yao. Tukiwajua kwa vifo vyao tu, tunawanyima utu mara ya pili, na hili sisi Waafrika tunalijua vizuri, kwa kuwa miji yetu mingi imeingia katika magazeti ya Ulaya kwa mlango huo huo.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mpeni mwandishi wenu nafasi aichambue video moja tu, iwe hii ya piano au nyingine mtakayoipenda, tangu wazo lilipozaliwa mpaka siku ya kupiga picha. Aeleze kilichojengwa, kilichochorwa, na jinsi kamera ilivyopita. Vijana wanaosoma ukurasa huo wana simu mikononi na wana hamu ya kuanza, ila hakuna anayewaonyesha kazi inavyofanyika. Kama nafasi ni finyu, kwa wiki moja liondoeni lile jedwali la Ijumaa la video zilizotazamwa zaidi.

Wasalaam,
Mwalimu wa sanaa,
Morogoro