Barua kwa Sahibu Yangu wa Providence: Kuvua Gayogayo Penye Kina

Jersey City, New Jersey
4 Juni

Kwako sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia juzi na nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba wewe, shemeji na watoto mmekwisha kupata nyumba huko Providence, Rhode Island, na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi kwa ajili ya yale maswali yako ya mwisho kuhusu fimbo, chambo na maji ya huko. Unasema ulikwenda dukani kutafuta vifaa vya kuvulia gayogayo, yule samaki bapa wa mchangani, kwenye kina kirefu karibu na kisiwa cha Block Island, ukaonyeshwa fimbo nene kama mchi, rili (gurudumu la kukunjia uzi) kubwa inayofaa jodari, na machubwi, zile risasi za kuzamishia chambo, ya kila umbo, kisha ukarudi nyumbani mikono mitupu. Umefanya jambo la busara. Mwaka wangu wa kwanza hapa mimi nilivinunua vitu vya namna hiyo, na kwa kiangazi kizima sikujua samaki anapogusa chambo changu wala anapokiacha.

Kwanza uondoe akilini gayogayo tuliyemzoea Pemba, yule wa ukubwa wa kiganja tuliyekuwa tukimkanyaga kwenye maji ya magotini. Huyu wa huku macho yake yote mawili yako ubavu wa kushoto, kinywa chake ni kipana, meno yake ni makali, naye ni mwindaji anayeweza kuinuka kutoka mchangani na kukimbiza ngisi. Aliyeandikwa kuwa mkubwa kuliko wote waliopata kuvuliwa kwa fimbo alikuwa na ratili 22 na wakia 7 (kama kilo 10), akapatikana mwaka 1975 huko Montauk, ambako kutoka kwako ni ng'ambo tu ya mkono wa bahari. Mwezi wa Mei hutoka kwenye kina cha mbali walikokaa wakati wa baridi na kuingia kwenye ghuba na mito ya chumvi. Maji ya pwani yakishapata moto, wale wakubwa hurudi nje kidogo kwenye pima 10 hadi 17 (pima moja ni futi sita), na huko ndiko unakotaka kwenda. Hulala wamejifukia mchanga, kichwa wamekielekeza mkondo unakotoka, wakingoja kinacholetwa na maji. Kwa sababu hiyo hatutii nanga. Tunakiachia chombo kielee na maji ili chambo kipite juu ya uwanja mrefu wa mchanga, kwani samaki huyu hatoki mbali kuja kukitafuta.

Sasa nikujibu swali lako la kwanza, la fimbo ipi. Nakuomba uligeuze swali lenyewe, kwa kuwa vifaa vya uvuvi huu huchaguliwa kwa mwendo wa chombo kwanza, na ukubwa wa samaki hufuata baadaye. Jambo la kutafuta ni hili: chubwi liwe zito kiasi cha kugusa chini kila unapolishusha, na liwe jepesi kiasi kwamba mshipi ukae karibu na wima huku mkono wako ukiendelea kusikia. Chombo kikienda taratibu, nusu noti hadi noti moja (noti ni maili moja ya bahari kwa saa), mimi huanza na wakia moja kwa kila futi 10 za kina, yaani wakia 6 kwenye pima 10, kisha naangalia mshipi. Ukilala kuelekea mbali kupita nusu ya pembe mraba, chambo kimeinuka na kinapepea katikati ya maji ambako hakuna gayogayo. Hapo usiendelee kufungulia mshipi ukidhani utafika chini, kwa maana kila pima unayoiongeza huongeza tumbo la mshipi linalosukumwa na mkondo. Zungusha rili, upandishe, ubadilishe chubwi. Nenda na machubwi ya wakia 4, 6, 8 na 10, mawili mawili au matatu matatu kwa sababu mengine yatabaki kwenye mawe, na usione uvivu kuyabadilisha mara tano kwa siku moja.

Ukishalielewa hilo, fimbo inajichagua yenyewe. Iwe ya futi sita na nusu au saba, ncha yake iwe nyororo kiasi cha kuonyesha mdono mdogo wa samaki anayegusa chambo, lakini theluthi ya chini iwe na nguvu za kuinua wakia 8 siku nzima bila kukuchosha. Rili iwe ndogo, ile inayokaa juu ya fimbo, ili kidole gumba kilale juu ya uzi wakati wa kushusha. Uzi ndio usiofanyia ubahili: nunua uzi wa kusukwa wa ratili 20. Ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu hiyo hiyo, kwa hiyo mkondo haupati pa kuushika na unaweza kutumia chubwi jepesi zaidi, tena hauvutiki. Unakumbuka mshipi wa mkono ulivyokuwa ukilalia kidole cha shahada, ukajua kama chini ni mchanga au matumbawe kabla hujamwona samaki? Uzi wa kusukwa unarudisha habari ile ile kupitia kwenye fimbo, hata penye pima 15. Mbele yake funga kipande cha uzi mgumu wa florokaboni cha ratili 30, urefu wa mikono miwili hivi, kwa sababu meno ya gayogayo na mawe ya Block Island huukata uzi wa kusukwa kwa urahisi mno.

Kuhusu chambo kuna njia mbili, na ninazitumia zote kwa siku moja. Ya kwanza ni pete yenye masikio matatu: sikio moja linapokea mshipi, jingine linashusha chubwi kwa kamba fupi ya shibiri moja, na la tatu linabeba uzi wa futi tatu wenye ndoana kubwa na ukanda wa ngisi. Njia hii huifaa siku ambayo chombo kinakwenda vizuri chenyewe, kwa kuwa ukanda unaogelea nyuma ya chubwi bila wewe kufanya jambo. Ya pili ni chubwi lenye ndoana ndani yake, lililofungwa manyoya meupe ya mkia wa paa wa huku, na juu yake kwa shibiri mbili hivi ndoana nyingine tupu yenye manyoya machache na chambo. Hilo unalichezesha mwenyewe: unainua ncha ya fimbo kwa shibiri moja, unaiacha ishuke, chubwi linagonga mchanga, unainua tena, kwa mwendo usiobadilika kama wa mtu anayetwanga polepole. Mchanga unaotifuka humwita samaki, na mara nyingi hushika ile ndoana ya juu wakati chubwi linaposhuka. Mimi naipenda hii ya pili kupita kiasi, lakini inataka mkondo wa wastani, na bahari ikichafuka chombo chenyewe hulirusha chubwi bila utaratibu; rudi basi kwenye pete.

Ukanda wa ngisi nao una kazi yake. Siku moja kwenye boti ya abiria iliyotoka Atlantic Highlands nilisimama karibu na mzee mmoja aliyekuwa ameshapandisha watatu na mimi sijapata hata mdono, ingawa machubwi yetu yalikuwa sawa. Alivuta mshipi wangu, akautazama ukanda wangu, akautupa baharini bila kusema neno. Kisha alitandaza ngisi kwenye ubao, akauvua ule utando wa zambarau, akakata kipande chenye urefu wa kiganja na vidole, upana wa vidole viwili kwa juu, kikisinyaa hadi kuwa chembamba kama ulimi wa nyoka, na mkia akaupasua kati. Ndoana aliipitisha mara moja tu, katikati kabisa ya ule upande mpana. Aliuning'iniza ukanda majini kando ya boti nikauona ukipepea kama bendera, umenyooka, haujikunji. Wangu nilikuwa nimeutunga mara tatu kwenye ndoana, ukawa fundo linalozunguka, na kitu kinachozunguka gayogayo hakifuati. Tangu siku hiyo kila ukanda naujaribu pembeni mwa chombo kabla ya kuushusha. Ngisi wakiisha, mchune yule samaki mwenye mapezi kama mabawa na kichwa kigumu, ambaye wavuvi wengi wa huku humtupa. Nyama nyeupe ya tumbo lake, pamoja na ngozi, hukaa kwenye ndoana kuliko ngisi.

Mdono wenyewe usikudanganye. Huanza kama uzito tu, kama umeokota tambara, kwa sababu samaki ameuma mkia wa ukanda na anaondoka nao taratibu akijaribu kuumeza. Mkono uliolelewa na samaki kama changu na tasi hutaka kukwanyua papo hapo, na ukikwanyua utamnyang'anya. Shusha ncha ya fimbo hadi karibu na maji, umpe pima moja ya mshipi au chini ya hapo, kisha inua fimbo polepole. Ukisikia uzito unajibu kwa kutikisa kichwa, endelea kuinua kwa nguvu moja hadi ndoana iingie. Kwenye lile chubwi la manyoya hakuna haja ya kungoja sana, inua mara tu unaposikia uzito. Baada ya hapo usivute na kulegeza, bali zungusha rili kwa mwendo mmoja. Kinywa chake kipana kina nyama nyembamba pembeni, tundu la ndoana hupanuka, na mshipi ukilegea kwa nukta moja ndoana inatoka. Akifika juu usimtoe kichwa majini, kwa kuwa hapo ndipo anapojipinda kwa nguvu zake zote. Mwache alale chini kidogo ya uso wa maji mpaka mwenzako aweke wavu wa kuopolea mbele yake, aingie kichwa kwanza. Nimempoteza mmoja niliyemkadiria ratili tisa kwa kumnyanyua ili wenzangu wamwone, na mpaka leo naona mgongo wake wa kahawia ukizama.

Nije kwenye maji ya kwenu, ambayo nimeyavua mara mbili kwa boti kutoka bandari ya Galilee. Usidanganywe na kupwa na kujaa kwake. Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huinua bahari mita tatu na zaidi, na hapo Block Island tofauti ni kama mita moja tu, lakini maji hayo yanapita katika nafasi iliyobanwa kati ya kisiwa, Montauk na bara, kwa hiyo yanakwenda kasi isiyolingana na kimo chake. Tazama mwezi kama ulivyokuwa ukitazama nyumbani. Siku za bamvua utahitaji yale machubwi mazito, na wakati mzuri utakuwa saa moja kabla na saa moja baada ya maji kusimama. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, unaweza kuvua mchana kutwa kwa wakia 6. Upepo nao uuhesabu pamoja na mkondo. Ukivuma uelekeo mmoja na maji, chombo hukimbia, na nahodha mwenye akili hushusha mwavuli wa majini ili kukizuia. Ukivuma kinyume na maji, chombo husimama kabisa, na hapo utupe chubwi mbali kidogo na ulirudishe taratibu, ili chambo kiwe ndicho kinachotembea. Kiangazi upepo wa kusini-magharibi huamka mchana, kwa hiyo boti ya alfajiri ni bora kuliko ya alasiri.

Kusini-mashariki ya kisiwa utaona minara mitano ya umeme wa upepo iliyoanza kazi mwishoni mwa 2016, imesimama kwenye pima 15 hivi. Samaki wengi hukusanyika kwenye miguu yake, na gayogayo hulala kwenye mchanga unaoizunguka. Kwa hiyo mwendo mzuri wa chombo ni ule unaopita kando ya mnara, na anayegusana na chuma hupoteza vifaa tu. Mkipata samaki wawili mahali pamoja, mwambieni nahodha arudi kuanzia juu ya mkondo na kupita mstari ule ule, kwa sababu hawa hulala kwa makundi penye mwinuko mdogo wa mchanga. Na kwenye boti ya abiria, fika mapema ushike upande wa joshini, unakotoka upepo, ambako mishipi inakwenda mbali na chombo. Walio demani, upande wa pili, mishipi yao huingia chini ya boti na kusokotana.

Sheria za urefu wa samaki na idadi kwa siku hubadilika mwaka hadi mwaka na jimbo kwa jimbo, kwa hiyo uangalie tangazo la idara ya mazingira ya Rhode Island wiki ile ile utakayokwenda, na uchukue rula. Wakubwa wengi ni majike. Mimi nikipata mmoja wa kutosha nyumba yangu, wanaofuata nawarudisha majini kwa mikono iliyoloa, nami ningefurahi wewe ufanye hivyo pia.

Mwezi ujao, siku za maji mafu, nitapanda treni Ijumaa jioni, inshallah, nilale kwenu, na alfajiri ya Jumamosi tushuke Galilee pamoja. Fimbo na rili usinunue. Nitakuja nazo mbili, ujaribu zote ujue ipi inakaa mkononi mwako. Wewe tafuta machubwi, pete za masikio matatu na ngisi ratili mbili, na umwambie shemeji aniwekee nazi moja, kwani gayogayo nitampaka mwenyewe.

Nisalimie watoto wote.

Ni mimi sahibu yako wa tangu utotoni