Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Mumias mgeni ni nani?

Mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Na mulembe pia, usije ukasema nimekusalimu kwa lugha moja.

Jina lako na cheo chako nimeviacha makusudi. Ukisoma utajijua, na waliokuwa barazani Alhamisi ile watakujua vilevile. Mimi unanijua. Ni yule fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko, niliyekushonea kanzu nyeupe ya kuendea sala ya Idd mwaka wa kampeni. Ulinilipa nusu. Zimebaki shilingi 1,800. Siandiki kwa ajili ya hizo, lakini maadamu tumeanza kuhesabu watu, tuhesabu na pesa.

Nimenyamaza sana. Nilinyamaza orodha ya basari ilipobandikwa bila mtoto hata mmoja wa mtaa wetu. Nilinyamaza taa za barabarani zilipokomea konani, hatua chache kabla ya nyumba zetu. Mke wangu husema nina subira ya ngamia. Ngamia naye huuma, Mheshimiwa.

Wiki mbili zilizopita zilitangazwa nafasi za vibarua wa kufagia soko na kuzibua mitaro. Binti ya kaka yangu, mwenye cheti cha kidato cha nne na alama ya C, alidamka alfajiri akapanga foleni. Saa nne akafika mezani. Karani akamuuliza kabila. Akasema Mnubi. Karani akapitisha kalamu kwenye orodha yake, juu hadi chini, akasema, "Hilo hapa halimo. Nikuandike nini?" Msichana akarudia: Mnubi. Karani akaandika "Mengineyo".

Mengineyo! Hilo ndilo neno ninaloandika mimi kwenye daftari la duka nikishanunua vifungo, sindano na uzi, na sioni haja ya kuvitaja kimoja kimoja.

Orodha ilipotoka jina lake halikuwamo. Kukosa kazi si jambo geni, na waliokosa ni wengi, Wawanga kwa Waluo. Kilichoninyima usingizi ni wewe. Mzee mmoja alisimama barazani akauliza kazi ziligawanywaje. Ukainuka, ukarekebisha miwani, ukasema, "Mji huu una wenyewe. Wageni wangoje wenyeji washibe." Watu wakacheka. Wako waliopiga makofi. Yule msichana alikuwa amekaa safu ya tatu.

Basi kwa heshima zote, tuulizane. Mgeni ni nani?

Kabla ya lami na kabla ya kiwanda cha sukari, hapa palikuwa kituo cha misafara ya pwani. Zama za Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, Shiundu na mwanawe Mumia, Waswahili walikuja kutafuta pembe za ndovu, wakakaribishwa, wakajenga, wakaoa. Ile sala ya Idd uliyoijia kupiga picha ilianzia kwao. Miaka ya 1890 wakaja Waingereza na askari wao wa Kisudani, na hao ndio babu zetu. Hawakuja kama watu waendao harusini. Walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na Lugard, afisa Mwingereza, akawachukua mwaka 1891 akawaingiza Uganda, na kutoka huko wakatumwa kila palipotakiwa bunduki. Sisemi walifanya mema matupu. Wabukusu wanakumbuka vita vya mwaka 1895 walivyopigwa na Waingereza, na wanakumbuka pia kwamba askari wa Nabongo walikuwa upande uleule wa babu zetu.

Na wakati huo, Mheshimiwa, Mumias haikuwa upande huu wa mpaka. Ilihesabiwa Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa. Makao makuu ya wilaya yalikaa hapa hadi 1920 yalipohamishiwa Kakamega, mwaka uleule nchi ilipofanywa koloni na kupewa jina la Kenya. Babu yangu mzaa baba alikuwa ameshajenga. Yaani Kenya ndiyo iliyomkuta Mnubi mjini Mumias. Ilimpigia hodi, akaikaribisha, na leo wajukuu wa makarani wake wanamwambia angoje nje.

Hata hao wenyeji unaowataja, nani hasa? Hilo jina la Waluhya lilianza kushika kwa kundi zima miaka ya 1930 na 1940, wazee walipoamua kuwa Mwanga, Mmarama, Mkabras, Mbukusu na Mmaragoli waitwe kitu kimoja. Ni uamuzi mzuri na siubezi. Ila kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973 nilikuwa mtoto, na nakumbuka Wamaragoli na Wabukusu waliofuata kazi wakiitwa wageni mtaani kwetu. Leo ni wenyeji, alhamdulillahi. Sasa nieleze: ugeni hupona kwa dawa gani? Nahisi ni kura. Wenye nyumba elfu moja hupona upesi, wenye nyumba arobaini hubaki mengineyo. Au pengine ni njaa tu: tangu kiwanda kiyumbe, mkate umekuwa mdogo na kila mtu anakichungulia kiganja cha jirani.

Pita siku moja kwenye kijia chetu, na usije na gari. Kulia kwangu anauza omena mama Mluo, tumelea watoto pamoja. Mbele kuna duka la Msomali, na mkabala wake Mkikuyu wa viazi. Mama yangu mzazi ni Mwanga, na tafadhali usinielewe vibaya, nasema kabila. Ndiye aliyejifunza kwa mavyaa yake kusuka tabaga za kufunikia chakula, mpaka harusi za Wanubi zikawa zinamwendea yeye kwa tabaga. Na huyu msichana mliyemwandika mengineyo, mama yake ni Mmarama wa Butere. Anasema Oluwanga safi kuliko wewe, samahani, kila mtu barazani alikusikia ukikwama. Fomu yenu ina mstari mmoja. Angejibana vipi humo?

Nitakwambia kwa nini hili linanichoma. Mimi nilipofika miaka 18 nilienda kuomba kitambulisho. Wenzangu tuliomaliza shule pamoja walipewa fomu. Mimi nikatakiwa nilete cha baba, kisha cha babu, kisha wazee wa kuapa kwamba wananijua. Babu alikuwa amekwisha kufa, na alichoacha ni kipande, kile kitambulisho cha zama za ukoloni, kilicholiwa na mchwa. Nilikipata kitambulisho nikiwa na miaka 23. Katikati ya miaka hiyo mitano kazi ya kudumu ilinipita mara mbili kwa kukosa ile karatasi. Ndipo nikakalia cherehani, na ndiyo niliyoikalia hadi leo ninapoandika, mguu umevimba, kazi ya watu imenisubiri mezani. Sikumlilia mtu. Nilijiambia wanangu hawatayaona haya.

Mambo yalielekea kuwa mazuri. Sensa ya mwaka 2009 ilituwekea namba yetu kwa mara ya kwanza, tukahesabiwa Wanubi 15,463 nchi nzima. Wachache, ndiyo, lakini kwa jina letu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Mwaka 2017 Wahindi wa Kenya wakatangazwa kabila la 44, nasi tukawapongeza. Nchi nzima inajifunza kuhesabu, Mheshimiwa. Meza moja tu ya sokoni imesahau.

Na sheria unaijua. Uliitaja mwenyewe nje ya msikiti, umevaa kanzu yangu. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa wasiotoka kabila lililo kubwa katika kaunti. Ulisema, "Asilimia thelathini yenu nitailinda kama mboni ya jicho." Tuliitikia amina. Nimeshona suruali za polisi, za walimu na za maimamu, najua kupima. Kwenye orodha ile ya ufagio nilitafuta asilimia thelathini, nikateremka hadi kumi, nikateremka hadi mtu mmoja. Sikumpata.

Ninataka nini? Nilipoanza kuandika jana usiku nilitaka mengi. Nilitaka orodha ifutwe na irudiwe mbele ya watu. Nilitaka usimame barazani uombe radhi kwa sauti ileile uliyotolea lile neno. Nilitaka asilimia thelathini ibandikwe ukutani, jina kwa jina, na basari nayo, na taa. Nilitaka karani ahamishwe, kisha nikakumbuka naye ana watoto na alikuwa akifuata karatasi aliyopewa. Bado nayataka. Lakini kumepambazuka, na msichana ameamka, ananiangalia nikiandika. Nimemuuliza yeye anataka nini. Hakutaja kazi.

Amesema anataka fomu yake irekebishwe. Lile neno likatwe, na juu yake paandikwe Mnubi, kwa wino.

Hilo tu, Mheshimiwa. Orodha yenu ya makabila iongezwe mstari, na fomu ya binti huyu iandikwe upya. Haigharimu senti. Ukiona ni vigumu kuja mwenyewe, mtume karani na kalamu. Kibanda changu unakijua, karibu na soko, mlango wa bluu, siku zote isipokuwa Ijumaa mchana.

Na akija, ampitishie hapohapo ile 1,800.

Wako,
Fundi wako wa kanzu,
Mumias