Zuhura, usiandikiwe saa ambazo hujaruka

Mikindani, Mombasa
Jumapili usiku

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku, mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini, kila siku ananiuliza. Voisi yako niliipata Alhamisi, nimeisikiza mara tatu, ya mwisho nikiwa ndani ya tuktuk natoka Magongo, nikaona hii si ya kujibu kwa voisi, acha nikae chini niandike. Manake ukinisikia sauti utadhani nina hasira na wewe, na sina hasira wallahi, nina wasiwasi.

Naanza na la yule jamaa. Umesema una saa 231 za kuruka, tangazo la kazi ya urubani wa ndege za mizigo linataka 500, na kuna mtu ana ndege yake yuko tayari kukusainia 270 ambazo hujaruka, ulipe polepole. Usikubali Zuhura. Najua umechoka, najua baba ameuza shamba la Kilifi ili wewe usome, najua kila siku unaamka unaangalia simu kama kuna aliyejibu CV. Nayajua yote hayo kwa sababu nimeyapitia. Lakini saa hizo 270 hazitakufikisha unapotaka, zitakufikisha mbele ya kepteni mkuu wa kampuni ambaye kazi yake kwa miaka mingi ni kusoma logbuku za watu, yani vitabu vya saa zao za kuruka.

Fikiria hivi. Saa moja ikiandikwa kwenye logbuku yako lazima iwe imeandikwa pia kwenye tekilogi, kitabu cha ndege yenyewe. Ndege ile ikiruka kila saa 50 inaingia kwa fundi, ikifika 100 inaingia tena inafunguliwa zaidi, na fundi anaandika na kusaini. Sasa wewe useme umeruka 270 kwenye ndege moja, alafu mtu apige simu aulize rekodi za matengenezo akute injini haijasogea hata 60? Hapo si kazi tu umekosa, ni leseni yenyewe, na kudanganya saa ni kosa kisheria, sio mambo ya kuombana msamaha. Hii fani ni ndogo sana, watu wa uwanja wa Wilson Nairobi wote wanajuana, jina likishaharibika hapo limeharibika mpaka Lokichogio.

Hilo la kukamatwa hata silo linaloniumiza zaidi, nitalirudia lile lenyewe hapo chini.

Kwanza nikutoe kwenye huo mkanganyiko wa namba, manake nimesikia unazichanganya na sikulaumu, kila mtu anakutajia yake. Binamu yako wa Texas alikwambia 1,200, mwalimu wako 1,500, tangazo 500, na leseni umeipata na 200 na kitu. Zote ni za kweli lakini kila moja ina mlango wake. 200 ni ya CPL, leseni ya rubani wa kulipwa, ndio kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na aliyesoma kozi iliyoidhinishwa mwanzo mpaka mwisho anaweza kuipata na 150. 1,500 ni ya ATPL, leseni kubwa, na lazima uwe umetimiza miaka 21. 1,200 ya binamu yako ni ya Marekani, na 500 pia iko kule, kuna kanuni wanaiita Part 135, ya ndege za kukodi na mizigo midogo, na inasema ukitaka kuwa kepteni wa kuruka kwa kuona nje tu uwe na 500, ndani yake 100 za krosi kantri, yani safari za kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, na kati ya hizo 25 za usiku, na ukitaka kuruka kwa vyombo ndani ya mawingu uwe na 1,200, ndani yake 500 za krosi kantri, 100 za usiku na 75 za vyombo, na hizo 75 angalau 50 ziwe hewani kweli sio simuleta, ile mashine ya kujifunzia chini. Kwa hivo 500 ya tangazo ulilonitumia sio ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya. Hizo za matangazo ya huku mara nyingi ni za kampuni yenyewe na watu wa bima. Bima ndio wanaoamua kwa sehemu kubwa, wakisema hatulipi chini ya saa fulani kampuni haina la kufanya hata kama wamekupenda vipi.

Umeona lakini kitu kimoja hapo? Hakuna mahali wanataka namba moja tu. Daima ni jumla alafu wanakuuliza za nini. Hata ATPL hiyo, 1,500 ni mfuko tu, ndani wanataka 200 za krosi kantri, 100 za usiku, 75 za vyombo ambazo za simuleta zisizidi 30, na za ukepteni angalau 250 ambazo baadhi unaweza kuzipata ukiwa chini ya usimamizi. Mimi hili sikuelezwa na mtu, nimelijua kwa kukataliwa.

2022 hiyo, nilikuwa na saa 640. Nilimaliza CPL 2019 nikiwa na 205, kidogo tu korona ikaja, alafu Somalia ikafunga miraa, na safari za miraa ndizo zilikuwa zinawalisha marubani wengi wa ndege ndogo pale Wilson. Zilirudi Julai 2022. Hapo katikati nikasomea ualimu wa urubani nikawa nafundisha wanafunzi kuzunguka uwanja, kupaa kushuka kupaa kushuka, saa zinaingia na mimi najiona tajiri. Nikaitwa intaviu ya kurusha Caravan ya mizigo, ile ndege ndogo ya injini moja. Yule mzee hakuniuliza maswali ya vitabu hata moja. Alifungua logbuku yangu, akaipindua kurasa taratibu na kidole kimoja, akafika mwisho akaniuliza, binti, hizi za usiku ni hizi 11 tu? Nikasema ndio. Akauliza safari ndefu kuliko zote umeenda wapi, nikasema Malindi, nikiwa mwanafunzi. Akafunga kitabu akanirudishia kwa mikono miwili, akaniambia una saa 640 za saa moja. Yani nimeruka saa ile ile mara 640.

Nililia kwenye matatu mpaka Mlolongo. Lakini alisema kweli, na nilipofika nyumbani nikachukua daftari nikapiga mistari, nikaandika za ukepteni, za krosi kantri, za usiku, za vyombo, nikaona shimo liko wapi. Tangu hapo sikununua wala kutafuta saa yoyote bila kujua inaenda kwenye mstari gani. Nilikuwa nalipa saa moja ya kukodi hela iliyotosha kodi yangu ya nyumba miezi miwili hapa Mikindani, kwa hivo saa ya kuzunguka mchana jua linawaka sikuitaka tena. Wanafunzi wa usiku ambao walimu wenzangu hawakuwataka kwa sababu wanachelewa kulala, nikawachukua mimi. Ndege ikitakiwa kupelekwa matengenezo au kurudishwa, nikawa naomba niipeleke mimi bure, chakula changu mwenyewe. Kule Diani wanaorusha watu wa parachuti nikakaa nao msimu mmoja. Sio saa nyingi lakini kila moja ilikuwa na kazi yake.

Na hapa kuna kitu nataka ukitilie maanani sana kwa sababu utapewa hii ofa, wataiita kiti cha kulia. Ukiambiwa uje kama fasti ofisa, yani rubani msaidizi, kwenye Caravan, uliza kabla hujasaini chochote. Caravan cheti chake ni cha rubani mmoja. Kanuni ya ICAO inasema ukikaa kiti cha kulia kwenye ndege ya rubani mmoja ambayo nchi imetaka iwe na wawili, saa zako zinaweza kuhesabiwa zisizozidi nusu ukienda kuomba leseni ya juu. Yani unaruka 600 unaweza ukahesabiwa 300 tu. Kwenye ndege ambayo cheti chake kinataka marubani wawili unahesabiwa zote. Sisemi ukatae kiti cha kulia, mimi mwenyewe ndipo nilipojifunzia mzigo, nilijifunza kupima uzito na kuufunga, kuangalia katikati ya uzito haijaenda mkiani, kuelewa kwa nini Caravan iliyojaa inapaa vizuri huku Mombasa na ukiipeleka Wilson karibu futi 5,500 juu ya bahari mchana wa joto ni kama umebadilishiwa injini. Miraa pia ilinifundisha, manake ile haingoji, inachunwa Meru inakimbizwa na Hilux na ikikaa siku mbili imekwisha bei, kwa hivo kila mtu anakusukuma, dereva anakusukuma, mwenye mzigo anakusukuma, na wewe ndio unatakiwa uangalie mawingu useme hapana. Ila ujue hesabu yake mapema, usije ukapiga mahesabu ya ATPL ukakuta nusu imeyeyuka.

Sasa lile nililosema nitalirudia.

Mwezi wa tano nilikuwa naondoka uwanja wa Moi hapa Mombasa usiku, mvua ya masika imetoka kunyesha, upepo wa Kusi umetulia kidogo nikapewa njia ya kurukia namba 03, ya kuelekea kaskazini mashariki. Unaijua ile njia, unapaa unaacha taa za Mikindani chini yako, unakata kulia, kidogo Kisauni, kidogo Bamburi, alafu taa zinaisha. Zinaisha kabisa, kama mtu amezima swichi. Mbele ni bahari na wingu na hakuna mstari kati yao. Na pale pale ndege bado inaongeza kasi, na mwili wako unakwambia pua inapanda sana, isukume chini. Mwili wote Zuhura, masikio, mgongo, tumbo, vyote vinasema sukuma. Na vyombo vinasema uko sawa, uko sawa. Ukiutii mwili unaingia baharini na injini inafanya kazi vizuri kabisa. Watu wamekufa hivo, marubani wazima, ndege nzima.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeshausikia huo uongo wa mwili wangu mara nyingi kabla, nikiwa na mwalimu pembeni, nikiwa na mwanafunzi, nikiwa peke yangu. Nilikaza macho kwenye vyombo nikasubiri, sekunde chache tu, zikapita. Zile saa za usiku kwenye tangazo ndizo hizo. Wanakuuliza umewahi kuogopa gizani ukabaki unaamini vyombo, mara ngapi. Sasa jamaa akikuandikia 40 za usiku, usiku huo utaingia pale na hizo chache zako za kweli. Utakuwa peke yako, na nyuma una tani moja ya mzigo. Mimi siwezi kulala nikifikiria hilo.

Wamarekani ile 1,500 yao ya mashirika ya abiria waliiweka 2013 baada ya ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50, na marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa tayari wamepita 1,500. Nalifikiria sana hilo. Ndio maana wakaongeza na mafunzo ya kuzuia mabawa kushindwa kuibeba ndege hewani, sio namba peke yake.

Kwa hivo tufanye hivi, na hili si ombi. Wiki ya kwanza ya mwezi ujao niko ofu siku tano. Panda treni ya SGR uje, ukifika Miritini nitakuwa pale. Uje na logbuku yako na daftari tupu. Tutakaa barazani na mama atatupikia mahamri na mbaazi, tutapitia mstari kwa mstari tangu saa yako ya kwanza. Nina hakika una za krosi kantri ambazo hukuzihesabu, wengi hawajumlishi vizuri, mimi nilipopitia yangu nilikuta 14 nilizoziacha hivi hivi. Alafu tutaona za usiku unazo ngapi kweli, na nitaongea na mwalimu mmoja ninayemwamini anahitaji mtu wa kumsaidia jioni. Halipi sana. Kama utataka kusomea ualimu na hela ndio shida, mimi nina akiba kidogo, tutaongea, usianze kukataa kabla hujaja.

Na yule jamaa mjibu leo. Mwambie tu hapana asante, usimpe maelezo marefu. Ukishamjibu nitumie meseji hata kama ni usiku wa manane, niko macho, kesho naripoti saa kumi alfajiri na nina Lamu.

Msalimie mama yako na mdogo wako Faiza.

Wako,
Mwanajuma