Akina mama wa TANU tumewaacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila ikikaribia tarehe 9 Disemba, siku ya Uhuru, redio na tivii zote zinaanza stori zilezile na picha ileile, Mwalimu Nyerere kabebwa juu juu na bango lake. Mwalimu sina ugomvi naye kabisa. Ninachouliza ni hivi, wale waliokuwa wanajaza mikutano ya Mnazi Mmoja, waliokuwa wanazungusha kadi za TANU, chama kilichopigania uhuru, nyumba kwa nyumba, mbona hatutajiwi?

Vijana wengi hawajui kwamba serikali ya mkoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa. Sasa karani au mwalimu wa shule ya serikali hata kama moyo wake uko TANU anafikiria watoto, anafikiria kibarua kuota nyasi, anakaa kimya. Lakini mama anayeuza vitumbua au anayepika pombe, nani atamfukuza kazi? Ndo maana akina mama waliingia kwa wingi na mapema kuliko wasomi wetu, na hili wasomi huwa hawapendi kulisikia.

Mwaka 1955 alikuja mgeni toka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza mbona chama chenu hakina tawi la wanawake. Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwaandikisha wanawake, na hapo Bibi Titi alikuwa anajulikana mjini kama mwimbaji wa kikundi cha Bomba cha lelemama, ile ngoma ya wanawake, siasa ndo kwanza anaanza. Alichofanya ni akili kubwa sana, hakuzunguka kutafuta waliosoma, alienda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Jamani kikundi cha ngoma kina viongozi wake, kina sare, kina michango, na kila mmoja anajua mlango wa mwenzake, kwa hiyo ukishampata kiongozi mmoja umeshawapata wote na mashoga zao. Ndani ya miezi kama mitatu hivi walikuwa wameshaandikishwa wanawake karibu 5,000. Chama gani leo kinaweza hiyo bila kugawa tisheti na kofia?

Bibi Titi mwenyewe yaliyomkuta tunayajua ingawa tunayasema kwa sauti ya chini. Kesi ya uhaini, kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa 1972, halafu kimya cha miaka mingi mpaka akafariki mwaka 2000. Angalau yeye ana barabara, ingawa ukimuuliza dogo aliyekwama kwenye foleni pale Bibi Titi ni nani, atakwambia ni barabara tu. Wenzake je? Tatu binti Mzee hapa Dar, Halima Selengia kule Moshi, Agnes Sahani Mwanza, ambako TANU ilizuiwa miaka kadhaa, kwa hiyo kuwa mwana-TANU kule haikuwa mchezo. Hao hata kichochoro hawana. Na hao ni wale ambao watafiti waliwahi kuwahoji, ambao hawakuhojiwa wamezikwa na habari zao.

Kuna familia mtaani kwetu ina kadi ya TANU ya marehemu bibi yao, imekunjwa mara nne ndani ya leso, kwenye mikunjo karatasi imeshaachana na jina limefutika nusu. Siku wanahama mjukuu mmoja alikuwa ameshaiweka kwenye rundo la takataka, shangazi yake ndo akaiokoa. Ziko ngapi za namna hiyo ambazo hazikuwa na shangazi?

Kwa hiyo mimi siombi sanamu, sanamu ni hela nyingi na mwisho inakuwa sehemu ya kupigia selfi. Nataka watu wa Nyaraka za Taifa na Makumbusho wapite mitaani na kamera, Kariakoo, Ilala, Temeke, na mikoani pia, wapige picha kadi na wawarekodi wazee waliobaki, maana waliokuwa mabinti mwaka 1955 sasa hivi ni wa kuhesabu. Na nyie Mhariri msisubiri serikali, tengeni ukurasa mmoja kila Jumapili mpaka Disemba, wasomaji walete jina, picha na alichofanya bibi yao. Wa katikati unatosha, matangazo ya kubeti yasogee kidogo.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam